Indiketa ya Saa Saba

Watu wakisikia mke wangu ni dereva wa lori, hunitazama mikono. Sijui wanatafuta nini. Mimi ni fundi cherehani, mikono yangu ni laini, na mke wangu hajawahi kuilalamikia.

Miaka yote aliendesha tipa la mchanga na kokoto humu humu mjini. Anapakia machimboni, anashusha kwenye majengo, na ikifika saa saba mchana analiegesha mbele ya kibanda changu, anaingia na vumbi lake lote, anakula, anaikosoa kola niliyoshona, anaondoka. Wateja walijua: asiyetaka mchanga kwenye suruali yake aichukue mapema.

"Wewe mwanamke utanifukuzia wateja," nilikuwa nikimwambia.

"Unawafukuza mwenyewe kwa kuwachelewesha," hunijibu huku anatafuna.

Basi tajiri wake akamwita. Dereva wa trela alikuwa anastaafu, mzee aliyekula chumvi nyingi barabarani, wenzake wakimwita Babu Gia. Mke wangu angekwenda naye safari moja ya majaribio, kuvuka mpaka na kurudi. Akirudi atoe jibu: analichukua trela moja kwa moja, au anabaki na tipa lake.

"Unasemaje, fundi?" akaniuliza.

"Mimi niseme nini? Usukani ni wako."

"Hutalalamika?"

"Hata kidogo. Nitapumzika na vumbi."

Nilijikaza kisabuni, kama mnavyoona. Ukweli ni kwamba sikutaka aende. Sikutaka kabisa. Lakini huyu mwanamke alilisubiri trela tangu hatujaoana. Wanaume aliowafundisha yeye kupiga rivasi walishapewa yao, yeye akaachwa anabeba kokoto. Ningeanzia wapi kumwambia hapana?

Akaondoka. Saa saba ya siku ile ile nikapakua sahani mbili kwa mazoea. Nikala zote mbili ili kinyozi wa mlango wa pili asije akapata la kusema.

Kesho yake dada yangu mkubwa akaja kunifariji, akakaa juu ya kitambaa cha mteja.

"Mwambie wifi unaumwa presha," akanishauri. "Nani atakupima kwa simu?"

"Dada, huo si uongo?"

"Basi mwambie kweli, kwamba hutaki aende."

"Nimeahidi sitalalamika."

"Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Na wewe hata kupika kwenyewe unabahatisha."

Alipoondoka nikajaribu kidogo sauti ya mgonjwa. Ilikuwa nzuri, nakiri. Nilikuwa bado naifanyia mazoezi simu ilipoita.

"Mume wangu, nimejiaibisha," akasema mke wangu. Nyuma yake nilisikia malori yakinguruma. "Jana tunakwenda, barabara imenyooka, pori kulia, pori kushoto. Saa saba ikafika. Nashtuka, nimeshawasha indiketa na mwendo nimepunguza! Babu Gia ananiuliza, 'Unakunja wapi, mama? Hapa hata njia ya mbuzi hakuna.'"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia naenda kula kwa mume wangu. Mzee kacheka mpaka kapaliwa na chai. Sasa kila tunapoegesha madereva wananiita Mama Indiketa."

Nikacheka hadi nikashika cherehani. Tulipoagana nikajikuta nafuta macho kwa mkono wa shati la mteja, ikabidi nilifue. Mtu anayekunja kuingia porini kunitafuta, neno moja tu lingemrudisha. Hapo ndipo nilipoogopa, maana nilijua lingetosha. Habari ya presha nikaiacha.

Alirudi mchana, mkono wa dirishani umeungua jua, mwingine uko kama alivyoondoka nao. Nikampakulia. Akaanza kula na kuzungumza, na kadiri alivyozungumza ndivyo kijiko kilivyosahaulika.

"Kuna mteremko mmoja, fundi! Mzigo unakusukuma kwa nyuma, na breki huigusi ovyo, itaungua. Unaushika kwa gia, taratibu, unasikiliza injini. Nikamwuliza Babu Gia kama niko sawa, kimya. Kumtazama, kalala! Mzee yule kalala, nami niko kwenye mteremko!"

Alisimulia kama mtu aliyevishwa taji. Chakula kikapoa. Sijawahi kumwona mke wangu akisahau chakula, si kwa furaha wala kwa msiba.

"Tajiri anasubiri jibu," akasema. "Haya, unasemaje?"

"Nenda," nikasema haraka, kabla ulimi haujabadili mawazo.

Akanitazama. Uso ukamshuka.

"Hivyo tu?"

"Si uliniambia nisilalamike?"

"Nilisema usilalamike, sikusema usinibembeleze. Mke anaondoka nyumbani kwake, mume anasema nenda kama anaaga mteja! Nibembeleze kwanza, ndipo niende."

Haya, mwanamke huyu! Nikavua futi shingoni, nikapiga goti juu ya vipande vya vitambaa, mkono kifuani kama mwigizaji.

"Mke wangu mpenzi, usiende."

Akaangua kicheko. "Tena."

"Usiende, nani atanisukuma nikikoroma?"

Akacheka mpaka akafunika uso kwa viganja. "Tena, fundi."

"Usiende," nikasema, na safari hii sauti ikanikatika. Sikuwa naigiza. Nikabaki pale chini nimeshika goti lake, na neno nililolificha siku zote hizo likawa linatoka lenyewe, usiende, usiende, wala sikuweza kulizuia.

Hakucheka tena. Akashuka kwenye kiti, akakaa nami sakafuni, akakivuta kichwa changu begani kwake. Alinuka dizeli na sabuni ya safari. Mteja mmoja akachungulia mlangoni, akaona mambo, akaondoka zake.

"Ahsante," mke wangu akaninong'oneza.

Kisha, mkono mmoja bado umenishika kichwa, akatoa simu kwa mkono wa pili akampigia tajiri.

"Nalichukua trela," akamwambia. "Nipakie lini?"