Mkono wa Kushoto wa Mrisho

Mrisho alipiga gitaa kwenye bendi za watu hadi mvi zikamtoka, ndipo akaamua kurekodi albamu yake mwenyewe: bluzi iliyochanganywa na roki, nyimbo zote za kwake. Zeina, mwenye studio pale Mchafukoge, juu ya duka la vitambaa la kaka yake, alizipenda tangu alipozisikia. Kazi ilienda vizuri mpaka wakafika wimbo aliomtungia marehemu mama yake.

Hapo vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kujikunja. Kikombe alishika, vifungo vya shati alifunga. Ila akigusa nyuzi tu, vidole viwili vya mwisho vinaingia kiganjani. Daktari alisema ni mishipa ya fahamu, huwapata wapiga ala, na kupona hawezi kumwahidi. Mkewe, Salma, alimkanda kwa mafuta ya mnyonyo kila jioni. Wapi.

"Tumwite yule kijana mpiga gitaa, Steven, amalizie," Zeina alimwambia hatimaye. "Anakuheshimu sana, Mrisho."

Mrisho akasema, "Mwite."

Steven alikuja na shikamoo yake, akakaa, akachomeka gitaa. Mrisho akawa anamwimbia noti kwa mdomo.

"Hapo vuta uzi, usiuachie haraka."

Steven akavuta. Haikuwa yenyewe. Wakarudia, wakarudia tena.

"Hebu nionyeshe, mzee," Steven akasema, halafu akainamisha macho.

Mrisho alilichukua gitaa. Vidole vikajikunja kabla hata noti ya kwanza haijatoka. Akamrudishia.

"Piga unavyojua wewe."

Steven akapiga anavyojua, na ikawa nzuri. Zeina aliacha mitambo yake, akabaki anasikiliza. Mrisho akatoka akasimama kwenye ngazi, honi za magari zikipanda kutoka chini, na nyuma ya mlango sauti yake mwenyewe, aliyokwisha kuirekodi, ikimwimbia mama yake juu ya gitaa la mtu mwingine.

Salma akapiga simu. "Imekuwaje?"

"Imetoka vizuri."

"Na wewe?"

"Mimi sijui hii mikono niiweke wapi, Salma."

Albamu ilitoka kwa jina lake. Watu walimpigia kumpongeza, na karibu wote waliutaja wimbo ule. Aliwaitikia asante. Walipoanza kumwalika akapige jukwaani, simu akawa anampa Salma, yeye mwenyewe anaingia chumbani na kufunga mlango.