Hela ya Chausiku

1.

Nyuma ya postikadi, kwa wino uliopauka:

*Chuo cha Kwemkole, 1911. Wanafunzi na msichana wa jikoni.*

2.

Msichana wa jikoni.

Bi Havijawa aliyasoma maneno hayo, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga, akaivaa tena, labda kosa ni la miwani. Wapi! Yule aliyesimama pembeni ya picha, sufuria mkononi, shingo imenyooka kama ya mwenye nyumba, ni bibi yake mzaa mama, Chausiku binti Mhina.

Na wewe unayesoma, usianze kumwonea huruma. Huyu ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza. Nusu ya mji ule imejifunza irabu kwa kufuata kidole chake ubaoni. Huruma yako hana kazi nayo. Anachotaka ni kibandiko.

3.

TANGAZO

*Chuo cha Kwemkole. Idara ya Hifadhi ya Nyaraka.*

*Maonyesho ya postikadi na sarafu za kale yatafunguliwa Jumamosi. Kila picha itawekewa kibandiko cha maelezo. Mwenye marekebisho ayawasilishe kabla ya siku hiyo, pamoja na ushahidi. Madai ya mdomo hayatapokelewa.*

4.

Ya mdomo!

Hapo ndipo palipomchoma. Kwani yeye Bi Havijawa alisimuliwa kwa nini, kwa mguu?

Alivyosimuliwa ni hivi. Chausiku aliletwa chuoni kukoroga uji wa wanafunzi, na hilo hakuna mtu nyumbani kwao anayelikana. Jiko lilikuwa ubavuni mwa darasa. Wavulana walisoma kwa sauti, naye akakoroga kwa kufuata sauti zao, silabi kwa silabi, mpaka siku moja mwalimu akamwita ndani, akampa kitabu. Akakisoma chote. Uji ukaungua, wakala hivyo hivyo.

Kwa hiyo kibandiko, kilichonakili maneno yale ya nyuma ya postikadi, si cha uongo. Kimesema nusu, kikanyamaza.

5.

Sasa sikiliza desturi ya chuo kile, maana bila hiyo hutaelewa.

Aliyemaliza kitabu cha kwanza mbele ya wenzake bila kukwama alivishwa shingoni hela ya Mjerumani, ile yenye tundu katikati, kwa uzi mwekundu. Kabla ya kumvisha, mwalimu alichora kwa msumari nyota ya ncha tano kando ya tundu. Hela hiyo hainunui kitu tena. Ni ya kuvaliwa.

Trei ya Hifadhi inazo mbili za namna hiyo, zimeiva weusi, nyota zake zinaonekana.

Ya tatu iko kwa Bi Havijawa.

6.

(Yaliyosikika kwenye varanda ya Hifadhi.)

— Yule bibi karudi?

— Karudi. Leo kavaa viatu vya Idd.

7.

Mtunza nyaraka aliitwa Gervas Kilua, na darasa la kwanza alikuwa amepita mikononi mwa Bi Havijawa. Alisimama, akatoa shikamoo, akamvutia kiti. Kisha akaweka lenzi juu ya postikadi, wakainama wote wawili, vichwa vikakaribia kugongana.

Shingoni mwa Chausiku palikuwa na kitone cheupe.

Gervas alieleza kwa upole kwamba kitone kinaweza kuwa hela, kinaweza pia kuwa ushanga. Kamati ya maonyesho itauliza. Lakini hela yenyewe ikiwa na nyota, basi hakuna wa kubisha, kibandiko atakibadilisha leo leo.

Bi Havijawa akafungua leso.

Hela ikang'aa.

Gervas akashika kichwa.

8.

*Kusugua hela ya bibi, kama inavyofanywa nyumbani kwao:*

majivu ya kuni, yachekeche

nusu limau

kipande cha khanga kuukuu

Kila Idd. Kila harusi. Kila mtoto wa nyumba anapoanza shule.

Na jana, kwa nguvu kuliko siku zote, kwa sababu mgeni hapelekwi ugenini bila kuoga.

9.

Nyota haikuwapo.

Alipokuwa mdogo aliiona kwa macho yake, mama yake akimshika kidole na kukipitisha juu yake, ncha moja moja. Sasa palikuwa laini kama kigae cha sahani. Gervas alimwambia kwamba sarafu ya kale haisuguliwi kamwe, na sauti yake haikuwa ya kukaripia, ndiyo maana iliuma zaidi. Heshima ya vizazi vitatu ilikuwa imekula ushahidi wake yenyewe.

Alitaka kulia. Hakulia. Mbele ya mwanafunzi wake?

10.

Penseli.

Aliomba penseli na karatasi nyembamba. Kila mwalimu wa darasa la kwanza anajua: ukitaka kuwafundisha watoto sarafu, ilaze chini ya karatasi, pitisha penseli kwa ubavu, taratibu, usibonyeze.

Akapitisha.

Likatoka tundu.

Likatoka taji.

Kando ya tundu, ukitazama vizuri, mstari. Na mwingine, umekutana nao.

Gervas akasogeza lenzi. "Mwalimu," akasema, "nyota ina ncha tano. Hapa naona mbili."

"Hizo tatu tumezivaa."

11.

Gervas akailaza karatasi ile kando ya postikadi. Alisema tu kwamba kamati itapita Jumamosi asubuhi kabla ya milango kufunguliwa, inaweza kukikubali kibandiko kipya, inaweza kukibandua, yeye haahidi chochote. Kisha akatoa kadi nyeupe kwenye droo, akaisukuma mezani pamoja na kalamu.

"Andika wewe. Mwandiko wako tunaujua."

Bi Havijawa akafunga kwanza hela shingoni, juu ya khanga, ionekane. Akavuta kiti. Akaandika kwa herufi zake za ubaoni, kubwa, za mviringo, zisizoogopa nafasi, na kadi ikamwishia mkononi:

*Chuo cha Kwemkole, 1911. Wanafunzi. Wa mwisho kulia, mwenye sufuria, ni Chausiku binti Mhina. Alikuwa wa jikoni. Akasoma. Akamsomesha mwanawe, naye akanisomesha mimi, nami nika*