Bangi ya Harasim

Mke wangu Lusha hakuweza kula bila bangi ya kaka yake. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani tulilima kwa starehe. Saratani ilimkalia tumboni, dawa za hospitali zikamharibia kilichobaki, kila alichomeza kikawa kinarudi. Siagi iliyochemshwa na maua ya bangi ile, nikimpakia kwenye kipande cha mkate kabla ya chakula, ilimtuliza tumbo akala kama watu wengine. Tulijaribu za dukani, maana siku hizi Kanada zinauzwa waziwazi kama sabuni. Zilimwendesha moyo mbio, akashikilia godoro akidhani anaanguka. Ya kaka yake tu ndiyo iliyomfaa.

Kaka huyo aliitwa Harasim. Mti ulimwangukia msituni akikata magogo, ukamuua. Aliacha bangi aliyoitunza miaka mingi kwa kukata matawi na kuyaotesha, bila mbegu, kwa sababu tawi linakupa mmea uleule na mbegu inakupa mtoto usiyemjua. Kuzma, rafiki yake, alikuwa nayo pia, lakini ukungu uliimaliza. Ikabaki miche minne ndani ya ndoo, chini ya taa, katika chumba cha chini ya nyumba yangu. Ikifa hiyo, basi.

Siagi kwenye kopo ilikuwa imeshuka chini ya nusu nilipoona majani yanageuka manjano.

Nilifanya kazi kiwanda cha mbao tangu nilipoacha shule. Mashine ikigoma, unagusa kitu kimoja, unasubiri, unagusa kingine. Mimi nikagusa vyote kwa pamoja. Nilidhani mimea ina njaa, nikaongeza mbolea, na ncha za majani zikaungua zikawa kama karatasi iliyopitishwa kwenye mshumaa. Nikasema mbolea imezidi, nikaacha kabisa. Nikasema labda taa iko karibu mno, nikaipandisha, miche ikarefuka ikawa na shingo nyembamba. Vikatokea vidudu vyeusi vinavyoruka juu ya udongo, nikajua namwagilia kupita kiasi, nikaacha ndoo zikauke hadi udongo ukaachana na kingo. Vidudu vilipungua. Umanjano haukupungua.

Mama mkwe wangu, Fedosia, tuliishi naye. Sisi ni Wadukhobori, Wakristo ambao babu zetu walitoka Urusi, na wazee wetu kama yeye hawavuti, hawanywi, hawali nyama. Bangi kwake ilikuwa magugu ya shetani. Alipojua ndiyo inayomlisha mwanawe akaamua kuiita kabichi.

"Kabichi zenu zinaendeleaje?" aliniuliza akikata viazi vya supu.

"Zinaumwa, mama."

"Zitaachaje kuumwa? Wewe hata kitunguu ukikipanda kinaomba ruhusa ya kuondoka."

Lusha akacheka kutoka kwenye kochi. Alikuwa amebaki mifupa na macho, lakini mama yake akinisimanga alikuwa anacheka.

Kuzma alikuja na viatu vyake vimejaa theluji, akashuka chini, akavaa miwani. Hakugusa majani ya chini. Aliinua yale machanga ya juu.

"Ona hapa, ndugu yangu. Jani jipya ni manjano, mishipa imebaki kijani. Njaa ya kawaida huanzia majani ya zamani. Hii inaanzia kwa mtoto. Amekosa madini ya chuma."

"Chuma kimo kwenye mbolea. Nimesoma kwenye chupa."

"Kimo, lakini hawezi kukila. Udongo umekosa uchachu, mlango umefungwa. Maji yako umeyapima?"

"Nimeyapima. Yako sawa."

"Yanayoingia. Pima yanayotoka."

Tukamwagia ndoo moja, tukakinga yaliyochuruzika chini, tukachovya kile kikaratasi cha kupimia. Kikawa bluu iliyokolea, rangi ya udongo usio na uchachu. Kuzma alikigeuza kwenye mwanga.

"Timofei, unaweka chokaa humu?"

"Siweki kitu."

"Basi kuna mtu anaweka."

Jumamosi ni siku yetu ya bafu la mvuke. Jiko lake liko hukohuko chini, mlango unaofuata chumba cha miche, na mama mkwe ndiye anayewasha moto. Jumamosi iliyofuata, badala ya kupasua kuni nje, niliingia kimya kwa mlango wa nyuma. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya ndoo na kikombe cha bati kilichojaa majivu ya jiko la bafu. Alichimbua udongo kwa uma, akamimina, akafukia, akapapasa juu kwa kiganja. Alikuwa anaimba zaburi kwa sauti ya chini, ile tunayowaimbia wagonjwa. Kisha akaiambia ile bangi, "Kula, mwanangu, ili na yeye ale."

Kila mwanamke wa watu wetu hufanya hivyo bustanini. Udongo wa bonde hili ni mchachu kwa sababu ya misonobari, na bila majivu kabichi hazifungi. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake. Lakini udongo wa ndoo niliununua dukani ukiwa umeshapimwa, na ndoo haina mahali pa kupeleka majivu. Kila Jumamosi aliongeza, na kila Jumamosi mlango ulizidi kufungwa.

Nilipanda juu nikiwa na maneno yangu yote mdomoni, nikamwambia Lusha nilichoona, na kwamba naenda kumwambia mama yake sasa hivi.

"Hutamwambia," Lusha alisema.

"Anakuua, Lusha."

"Kinachoniua tunakijua. Mama hakuwahi kuligusa jani lile hata alipokuwa hai Harasim, na sasa anapiga magoti. Ukimwambia, atazika watoto wawili na wa pili atasema amemuua yeye. Funga mlango, sema lolote."

Nilifunga kwa kufuli. Mama mkwe alinijia jikoni, kikombe kikiwa bado mkononi.

"Umenifungia?"

"Kuna dawa ya wadudu humo, mama. Itakudhuru mapafu."

"Miaka yote hii mapafu yangu yamevuta moshi wa bafu. Sema unaona haya, hutaki nione unavyoua kabichi."

"Haya, naona haya," nikasema.

Nikaanza kuosha udongo. Kuzma alinipa kipimo cha siki kwenye maji, nikamwaga hadi maji yanayotoka yakakubali. Nikayanyunyizia majani maji ya chuma. Juma moja nilidhani tumeshinda, kwa sababu ndoo mbili zilitoa vichipukizi vya kijani. Lakini mimea iliyodhoofika haiwezi kunywa maji yote yale, na sakafu ya chini ni baridi wakati huu wa mwaka. Majani yakalegea yakaning'inia. Nikanusa udongo, nikasikia harufu ya dimbwi. Nilipong'oa mmoja mizizi ilikuwa ya kahawia, ngozi yake ikabaki vidoleni.

Nikakata matawi yaliyoonekana na uhai nikayaweka kwenye vikombe, nikafunika kwa plastiki ili yasikauke. Tawi lenye nguvu huota mizizi. Haya yalikuwa yametoka kwenye mmea mama wenye njaa. Yaligeuka meusi kuanzia chini, moja baada ya jingine, na kila asubuhi nilitupa kilichokufa kabla Lusha hajaamka. La mwisho nilimpelekea kitandani, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kusema. Alilishika, akalinusa.

"Lina harufu ya koti la Harasim," akasema, akanirudishia.

Kopo lilikuwa limeshakombwa kwa mkate.

Jumapili mama mkwe alipika supu ya borshi kama inavyopikwa kwetu, kabichi na viazi na krimu na siagi nyingi. Alimwekea Lusha bakuli, akaketi mbele yake.

"Ungeniachia mimi zile kabichi," aliniambia, "sasa hivi zingekuwa zimefika darini. Majivu kidogo tu. Lakini mkwe wangu ana kichwa cha kisiki."

Nilimtazama Lusha. Alinitazama hadi nikashusha macho kwenye bakuli langu.

"Ni kweli, mama," Lusha akasema. "Hakusikia."

Kisha akala. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi ngumu kama ile, na nimebeba magogo maisha yangu yote. Kijiko kwa kijiko, akipumua kwa pua, mama yake akihesabu kwa macho na uso wake ukifunguka. Alipomaliza alifuta bakuli kwa mkate, akaniambia nimpeleke chini akaone mimea, ingawa sisi wawili tulijua hakuna uliobaki.

Nilimbeba. Niliwasha feni ya chumba cha miche hadi mwisho ili isisikike sauti nyingine, nikamshika paji la uso, naye akatapika borshi yote ndani ya ndoo iliyokuwa tupu. Ilichukua muda. Halafu akaniegemea.

Mama mkwe akaita kutoka juu ya ngazi. "Timofei, ameshiba? Kuna nyingine kwenye sufuria."

"Ameshiba, mama," nikasema.