Pini ya Kituo cha Saba

Mhadhiri wetu wa anatomia tulimwita Usiguse, kwa siri bila shaka. Siku ya mtihani wa marudio alisimama mlangoni mwa chumba cha maiti, mikono nyuma, akatuhesabu kwa macho. Tulikuwa kumi na wawili, na vituo kumi na viwili. Kila kituo dakika moja. Kengele ikilia, unasogea. Pini yenye kibendera cha karatasi imechomwa mahali, nawe unaandika jina la kilichochomwa. Atakayepata chini ya saba anafutiwa masomo.

"Macho nimeyaruhusu," alisema. "Mikono kaeni nayo. Anayegusa, karatasi yake haisahihishwi."

Nyuma yangu mwanafunzi mwenzetu, Mama Pacha, alicheka kwa pua. Alikuwa muuguzi miaka tisa kabla ya kurudi darasani. Katika mtihani wa kwanza mimi sikufeli kwa kutojua. Nilifika kwenye mkono wa bibi mmoja, nikaona kucha zake zimekatwa vizuri, nikaanza kuwaza ni nani aliyemkata hizo kucha. Nikalia mpaka kengele tatu zikapita.

"Leo usimuonee mtu huruma," Mama Pacha alininong'oneza. "Angalia pini tu. Umesikia, mdogo wangu?"

"Nimesikia, dada."

Nilianza kituo cha kwanza, yeye cha kumi na mbili, kwa hiyo kila nilipotoka yeye aliingia. Vituo sita vilikwenda vizuri. Cha saba kilikuwa mkono peke yake, umekatwa kwenye kiwiko, umelazwa juu ya sinia la chuma. Karibu na kiganja kulikuwa na nyuzi mbili zilizolala bega kwa bega, neva ya fahamu na ateri ya damu. Vitabuni moja ni ya manjano na nyingine nyekundu. Pale zote zilikuwa na rangi ya chai iliyopoa. Ukiruhusiwa kushika unajua mara moja, maana neva ni ngumu kama kamba na ateri inabonyea. Kwa macho ni lazima ujue tu kwamba neva ndiyo iliyo upande wa kidole kidogo.

Pini ilikuwa kwenye neva, ile ya ulna. Niliandika, nikainuka, na hapo mkono wa koti langu ukakinasa kile kibendera.

Pini ilichomoka, ikabingirika hadi ukingo wa pili wa sinia. Usiguse alikuwa amenipa mgongo. Sikufikiri. Nilizunguka meza, nikaiokota, nikaichoma upande wa kushoto kama nilivyoikuta. Kengele ikalia.

Kituo cha nane kilikuwa figo. Nilishaandika nusu ya jibu mkono wangu uliposimama wenyewe. Nilikuwa nimezunguka meza. Kushoto kwangu kwa mwanzo sasa kulikuwa kulia kwangu. Pini niliichoma kwenye ateri.

Nilitazama nyuma. Mama Pacha alikuwa ameinama juu ya lile sinia. Hakusita hata kidogo. Aliandika, akanyoosha mgongo, akanikonyeza.

Nyuma yake walibaki wengine wanne. Nilijaribu kufungua mdomo kituo cha tisa, nikajaribu tena cha kumi. Nilijibu vituo vilivyobaki huku nikisikia viatu vya watu vikifika kule, kimoja baada ya kingine, na kalamu zao zikikwaruza.

Korido ilikuwa na kelele ya watu waliotoka salama. Kijana tuliyemwita Profesa kwa ubishi wake, aliyeanza kituo cha saba, alikuwa anatoa majibu kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

"Saba ni neva ya ulna. Hiyo ilikuwa zawadi."

"Zawadi ya nani?" Mama Pacha akamdaka. "Ile ni ateri, baba. Nimeshika mikono ya watu kabla hujaota ndevu. Na hata sasa hujaota."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alianza kuhesabu kwa vidole, polepole, kisha akahesabu upya.

"Nina sita za uhakika," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ya saba ndiyo hiyo. Zingine nimebahatisha. Wewe je?"

"Kumi," nikasema, nikaona aibu kulitamka.

"Basi wewe ni daktari. Mimi nikawaambie nini wale wanangu?"

Nilirudi ndani. Usiguse alikuwa anapanga karatasi zetu, kalamu nyekundu sikioni.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Mtihani umekwisha, binti."

"Kituo cha saba nimegusa."

Aliacha kupanga. Nilimweleza yote, kibendera, meza, kushoto na kulia, nikitazama vifungo vya koti lake kwa sababu uso wake nisingeuweza. Alikwenda kwenye sinia, akauminya ule uzi uliochomwa kwa vidole viwili. Ulibonyea.

"Wangapi walikuja baada yako?"

"Watano."

"Wamejibu walichokiona," alisema, akaongeza neno 'ateri' kwenye karatasi yake ya majibu sahihi. Kisha akatafuta ya kwangu katikati ya zile nyingine, akaichomoa na kuiweka peke yake mezani. "Ungenyamaza nisingejua. Ningewakosesha wale watano, nikalala usingizi wangu."

"Ndiyo, Daktari."

"Na sheria unaijua."

"Naijua."

Aliivuta karatasi yangu karibu. "Nitaandika umegusa, kwa sababu umegusa. Nitaandika pia jinsi nilivyojua. Bodi inakaa Jumatatu, wataamua wao. Sikuahidi kitu."

Nilipotoka, korido ilikuwa imebaki na mtu mmoja.

"Umesahau kalamu?" Mama Pacha akauliza.

"Ulikuwa sahihi, dada. Ilikuwa ateri. Umepata saba zako."

Furaha ilimjia usoni, ikafika nusu, ikasimama. Aliutazama mlango, akanitazama mimi.

"Umefanya nini wewe mtoto?"

Nikamwambia. Alikaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani, akanisogezea mkoba wake niukalie.