Bei ya Mrushaji Mzee

Siku ya mwisho ya dirisha la kubadilishana wachezaji, Leonard Zielke alifunga karakana yake mapema, akawasha jiko la mkaa uani, akapanga soseji, kisha akaanza kuiendesha timu ya besiboli ya Mabaharia kana kwamba mwenye timu alimwachia funguo. Shemeji yake, Dale, alikuja na bia, akaketi kumpinga. Ndivyo ilivyo kila Julai pale Sheboygan, jimboni Wisconsin: mwanamume asiyeweza kuinama afunge kamba za viatu ndiye anayejua nani atolewe na nani aletwe.

Corinne, binti wa Leonard aliyekuwa akimfungulia karakana kila asubuhi, alikaa pembeni akikata vitunguu. Simu yake aliiegemeza kwenye chupa ya haradali, ikionyesha mechi ya timu ndogo, kule Mabaharia wanakolelea chipukizi wao. Mchumba wake, Kellen Rusk, alikuwa anacheza. Harusi ilikuwa Oktoba, kanisani kwao, na chumba cha juu ya karakana walikwisha kukipaka rangi.

"Hoyt Brannigan anapatikana," Leonard alisema. "Mrushaji wa kuanza mechi, bwana, siyo hawa wetu wanaorusha kama wanalisha kuku. Timu yake inataka chipukizi wawili tu. Wape! Wape leo!"

"Brannigan ni mzee, shemeji. Kiwiko kimepasuliwa na kushonwa. Mkono ule una nyuzi nyingi kuliko suruali yangu ya kazi."

"Atatufikisha fainali."

"Atatufikisha hospitali."

"Chipukizi, chipukizi! Tumelishwa chipukizi mpaka tumekuwa mbuzi. Kombe tutalishika lini?"

Dale alicheka, bia ikampalia. "Haya, hao wawili ni nani?"

"Yule mrefu wa Jamhuri ya Dominika, na..." Leonard akageuza soseji. "Na Rusk."

Kisu cha Corinne kilisimama. Alimjua baba yake, mdomo wake hutangulia halafu akili inafuata. Akaisubiri hiyo akili. Laiti angesema tu, "Ah, lakini huyo ni wa kwetu," angemsamehe mengine yote.

"Rusk yupi, baba?"

"Kwani wako wangapi? Mwanangu, huu ni mpira, usiununie. Kijana ni mzuri, anasalimia, sahani hasazi. Lakini mpira unaopinda njiani haugusi kabisa! Anapunga gongo kama anafukuza nyuki."

"Hapo sina ubishi," Dale akasema. "Rusk ningemtoa bure. Ninachokataa ni kumpokea yule babu."

Corinne aliwatazama. Mmoja anamtoa mchumba wake apate kiwiko kibovu, mwingine anamtoa hata bila kiwiko. Na ndio hao hao waliomkumbatia Kellen sebuleni siku ya Krismasi, wakimwita mwanetu, huku mate ya bia yakimrukia usoni. Tangu shule hakuna hata mmoja wao aliyeshika gongo, ila ndimi zao hazijapumzika.

"Ungekuwa ndiye mwenye timu, baba, ungempigia Kellen simu leo umwambie ametolewa?"

"Sasa hivi! Tena usingizi ningelala mnono."

Ndipo kwenye simu, mchezo ukiwa katikati, kocha akatoka akamwita Kellen aondoke uwanjani. Hakuwa ameumia. Hakuwa amekosea. Alipofika kwenye kibanda cha wachezaji, wenzake wakainuka mmoja mmoja, wakamkumbatia. Siku kama ile, hakuna mtoto Wisconsin nzima asiyejua maana yake: mchezaji ameshapelekwa timu nyingine.

"Wanamkumbatia!" Dale akaruka. "Leonard, wanamkumbatia! Wamemtoa!"

"Brannigan ni wetu!" Leonard alirusha koleo juu, akacheza kuzunguka jiko, tumbo likimtangulia. Hata Dale, aliyekataa jioni nzima, akagonganisha chupa naye.

Baadaye kidogo simu ikaita. Corinne akasikiliza. "Ndiyo," akasema. "Hapana, usinisubiri mpaka Oktoba. Naja."

"Wamempeleka timu yao ndogo ya wapi?" Leonard aliuliza, tabasamu bado limemjaa.

"Portland."

"Lo, mbali. Si kitu, msimu ukiisha atarudi mfunge harusi, na..."

"Tutafungia huko huko, baba. Naondoka naye."

"Unaondoka wewe?" Tabasamu likakauka. "Na karakana atafungua nani? Mimi mgongo huu... Corinne, mimi nilimtoa Rusk. Wewe sikukutaja."

"Hukuuliza Rusk ataondoka na nani."

Leonard akamgeukia shemeji yake. "Ni wewe! Umekaa hapa unasema atolewe bure!"

"Mimi? Nani alikuwa anacheza ngoma na koleo?"

"Akatae basi!" Leonard akapaza sauti. "Kijana ana haki ya kukataa!"

Corinne alipangusa mikono. "Chipukizi hana haki hiyo, baba. Mambo haya ni yako, itakuwaje leo huyajui?"

Akaingia ndani kufunga mizigo. Uani soseji zilikuwa zinaungua.