Kiki ya Pikipiki ya Nesi Apolonia

Umegeuza uso tena. Usijitetee. Kila ukipita nyuma ya zahanati ya Kwembago nakuona. Ukifika usawa wa lile banda la mabati, ghafla mawingu yanakuwa mazuri, au kiatu kinaingia mchanga, au unakumbuka kitu ulichosahau sokoni. Mimi niko mle ndani, mikono imejaa grisi, na macho ninayo. Kumbukumbu ninayo pia, na hiyo ndiyo inayokukera.

Jana usiku nimeota, na wewe ulikuwemo. Lakini kwanza nikukumbushe, maana najua utasema hukumbuki.

Pikipiki ile tuliinunua sisi wenyewe. Watu wa Kwembago walichanga maharage, magunia kwa magunia, ili mkunga wetu, Nesi Apolonia, awafikie kina mama wa vitongoji vya juu. Siku moja ikagoma kuwaka. Plagi ilikuwa chafu, na plagi husafishwa kwa mswaki mbovu. Ofisi ikasema subirini. Tukasubiri, na katika kusubiri watu wakaanza kujichukulia. Taa ikaenda kwa kinyozi, ikawa pambo. Siti ikawa kigoda cha muuza kahawa. Tanki likawa la kunyweshea kuku. Mimi sikusomea ufundi, kazi yangu ni kuitisha mikutano, ndiyo maana mnaniita Mama Mikutano. Lakini niliwafuata mmoja mmoja, nikapiga kelele nje ya milango yao hadi wakarudisha, kisha nikaanza kuiunganisha kwa mikono yangu. Sijamsahau hata mmoja. Hata wale kuku nawakumbuka.

Kimebaki kitu kimoja: kiki, ule mkono wa chuma unaokanyagwa ili injini iwake. Na kule Kwezinga juu, Mwasiti ana mimba iliyofika ukingoni, na Nesi Apolonia anapanda kumwona kwa miguu, begi kichwani.

Haya. Ndoto.

Naota niko bandani, mchana, jua limekaa vizuri. Pikipiki imesimama juu ya matofali. Injini imejishusha yenyewe, iko mezani, juu ya gunia. Nanyoosha mkono kuishika. Injini anakohoa.

"Shikamoo, Mama Mikutano."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, ila kuna mtu analia."

Sishangai. Nimeshahutubia viti vitupu miaka mingi, sembuse injini.

Anayelia ni Bolti, yule wa kushikilia injini, wa chini kushoto. Amejifunika kile kitambaa changu cha kufutia mikono na mabega yanatikisika.

"Umeniozesha kwa nguvu," anasema.

Ni kweli kwamba jana mchana nilimkazia nati isiyokuwa yake. Ilikataa kuingia, nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana, nikaning'inia. Huu ni mradi wangu wa kwanza, mtu anajifunza.

"Nati ni nati," namwambia.

"Na mume ni mume? Wewe ulikubali, walipokuletea yule mwenye lori?"

Nafuta mikono kwenye gauni, maana kitambaa anacho yeye.

Fundi Kihiyo, aliyenivumilia na maswali yangu mpaka akaanza kujificha akiniona natokea, alinipa kanuni hii: kila nati irudi kwenye bolti yake. Nilidhani ni kanuni ya gereji. Kumbe ni sheria ya ndoa. Bolti ana mchumba wake tangu kiwandani. Mchumba mwenyewe yuko kwenye kopo la maziwa, amechanganyika na nati wengine, na hakuna aliyetuma mshenga.

Spana namba kumi na mbili anashuka ukutani. Anavaa kofia, anasafisha koo.

"Kazi ya ushenga ni yangu," anasema. "Ila mimi hutumwa. Sining'iniwi."

"Nisamehe, baba."

"Tutaona."

Banda linaondoka. Sisemi kwamba sisi tunatoka bandani. Banda ndilo linalokwenda zake, na mabati yake, bila kuaga, na sisi tunabaki tumekaa kwenye mikeka ndani ya ukumbi wa ushirika. Pilau inanukia. Vipuri vyote vimehudhuria, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Siti kaletewa kiti, amekalia. Honi kila akifungua mdomo anaambiwa bado.

Mlangoni wamefika Moto, Hewa na Petroli. Bibi Mnyororo, ambaye ni shangazi wa kila mtu humu ndani, anahangaika kuwatenganisha.

"Nyie watatu msikae mkeka mmoja," anasema. "Mkikutana kabla ya wakati wenu hakuna harusi hapa, kuna msiba."

"Na tusipokutana kabisa?" anauliza Petroli.

"Hakuna harusi vilevile. Kaeni mngoje. Hewa, mwanangu, acha kupitapita."

Kwenye mkeka wa mbele, mahali pa wazee, amekaa mtu mnene mwenye koti la kahawia. Ameshaanza kula. Hakumngoja yeyote.

"Huyu nani?" nanong'ona.

"Bwana Kutu," anasema Bibi Mnyororo.

"Nani kamwalika?"

"Nani kamfukuza?"

Namwendea na kopo langu la rangi nyekundu na brashi. Nina mipango yangu: tanki jekundu, sanduku la dawa ubavuni, siti ndefu ya kumtosha mama na tumbo lake, na kwenye madigadi ya nyuma maandishi meupe, HII NI YETU. Bwana Kutu ananitazama huku anatafuna.

"Mama, unataka kunifunika shuka nikiwa bado nakula?"

"Nataka kupaka rangi kabla Mwasiti hajajifungua."

"Paka tu. Mimi nitakaa chini yake. Nimekaa chini ya rangi nyingi, na majengo yenyewe yalikuwa makubwa kuliko wewe."

Namwamini. Majengo hayo nayajua na siku zilipokatwa tepe zake nazikumbuka. Fundi Kihiyo alinikataza: usipake rangi juu ya kutu. Basi inabidi nimuage mgeni kwanza. Naweka msasa kiganjani, nampa mkono.

"Nashukuru kwa kututembelea," namwambia, namtikisa mkono.

"Msijali," anasema. Anapungua kidogo.

"Wasalimie huko." Namtikisa tena. Vumbi la kahawia linajaa mkekani.

"Zimefika." Sasa analingana na mtungi.

"Safari njema, Bwana Kutu." Nakaza mkono.

Anabaki mdogo kama kikombe cha kahawa. Anatia finyango ya nyama mfukoni, anatembea kwa heshima zake kuelekea mlangoni. Ukumbi mzima unapumua. Hewa anapumua zaidi.

Spana anasimama. "Sasa tuendelee. Bwana harusi yupo?"

Nati anatoka kwenye kopo la maziwa. Kanzu imepigwa pasi. Anakuja kwa kubingirika, maana ndivyo anavyotembea, anasimama mbele ya Bolti, anaona haya, anazunguka kidogo papo hapo.

"Bibi harusi yupo?"

"Nipo," anasema Bolti. Ameshaacha kulia.

"Walii wake nani? Nani anamwozesha?"

Unajua bila walii hakuna ndoa. Bibi Mnyororo anajifunika kanga usoni.

"Walii wake ni Kiki," anasema. "Baba mdogo. Yeye ndiye mkubwa wa nyumba, asiponyanyuka yeye hakuna anayenyanyuka. Na hatumwoni."

"Kaenda wapi?"

"Alichukuliwa."

Pale mlangoni Bwana Kutu anageuka. "Kiki?" anasema. "Mbona namjua! Nina chumba kwake. Nimepanga kwenye ncha, pembeni tu, ila nategemea kuongeza."

"Yuko kwa nani?"

Bwana Kutu ananyoosha kidole.

Wote tunageuka. Uko nyuma kabisa, karibu na dirisha. Unatazama mawingu.

"Mimi mambo ya pikipiki siyajui," unasema, bila kuulizwa.

"Hujaulizwa pikipiki," anasema Bibi Mnyororo. "Umeulizwa baba yetu."

"Kile mbona kilikuwa chuma tu, kimelala. Nimekipigilia nyuma ya mlango. Natundikia koti."

"Koti lenyewe umelivaa lini?"

"Kwenye harusi ya dada."

"Na dada yako aliozeshwa na nani?"

"Na baba yake, bila shaka."

"Baba yake alikuwa ametundikwa koti?"

Ukumbi unaangua kicheko. Honi karibu alie kabla ya wakati wake. Wewe unageukia dirishani, na dirisha, kwa adabu, linageukia upande mwingine.

Spana anakata shauri, kama washenga wanavyojua. "Ndoa itangoja. Lakini posa imekubaliwa. Nati, sogea. Mama Mikutano, kwa vidole tu."

Nawashika kwa vidole tu. Sisukumi. Nati anaingia kwa Bolti mzunguko baada ya mzunguko, laini, kama mtu anayeingia nyumbani kwake gizani bila kujigonga. Vigelegele! Bibi Mnyororo anamega pilau, anawalisha wote wawili kwa mkono wake, kama kwetu shangazi anavyofanya.

Injini anajisogeza mbele. "Mimi niko tayari," anasema. Moto anasimama. Hewa anasimama. Petroli anajifunga kibwebwe. "Nani anakanyaga?"

Nesi Apolonia anaingia, viatu mkononi, begi kichwani, jasho linamtiririka. Hasalimii mtu, ana haraka. Anapanda pikipiki, anainua mguu, anakanyaga.

Pale penye kiki hapana kitu. Mguu wake unashuka, unapita sakafu, unaendelea kushuka, na yeye anaufuata taratibu, begi bado kichwani, anatazama saa. Kutoka juu sana, Kwezinga, sauti ya Mwasiti inaita:

"Nesi! Umefika wapi?"

"Niko njiani," anajibu Nesi Apolonia, anazidi kwenda chini. "Niko njiani, mwanangu."

Hakuna anayecheka tena. Bibi Mnyororo anamwambia Honi, "Sasa."

Honi analia kwa nguvu zake zote, na mimi naamka.

Nimekwenda bandani kabla sijanawa uso. Ile nati niliyoikaza jana kwa bomba, ile ambayo hata mimi mwenyewe nisingeweza kuifungua, iko chini ya meza, imepasuka. Kwenye bolti kuna nati nyingine. Nimeigusa kwa vidole, ikazunguka yenyewe, laini. Nikainama kutazama vizuri. Katikati ya meno yake kumenasa punje moja ya wali, ya kahawia, inanuka bizari. Mimi jana nimelala na uji. Pilau sijapika tangu Idi.

Sasa usinitolee macho, wala usiyageuze. Najua utasema pikipiki husukumwa ikawaka. Njoo basi umsukumie Nesi kilima cha Kwezinga na begi lake la kuzalishia, ukifika juu uniite, nitakupigia makofi. Utasema pia kwamba ndoto ni ndoto. Punje ninayo hapa kwenye kifuniko cha kopo. Njoo uinuse.

Asubuhi hii imeletwa habari kutoka juu: mgongo umeanza kumuuma Mwasiti. Rangi nimeipaka alfajiri, imeshakauka. HII NI YETU inasomeka hata kutoka barabarani, hata kwa mtu anayetazama mawingu.

Kwa hiyo weka chini unachosoma. Nenda nyuma ya mlango wako. Koti litupe kitandani, halijapata harusi nyingine. Hicho chuma chenye kutu kidogo kwenye ncha king'oe, hata kama ukuta utabanduka, plasta nitakuja kuziba mimi. Usipitie sokoni. Usimalize chai.

Nesi Apolonia ameshapanda pikipiki. Ameinua mguu. Kimbia.