Kiti cha Mkaguzi

Kila Jumanne saa nne asubuhi mama mmoja huja mezani kwangu, ofisi ya leseni za nyumba za kupanga. Viatu vyake vimepigwa brashi. Huketi bila kuegemea, huweka mezani picha ndogo ya binti yake, kisha huniuliza swali lile lile.

"Hivi mwanangu kwa nini hakufungua dirisha?"

Hapigi kelele. Angepiga kelele ningemjibu, maana mdomo ninao. Anauliza kama mtu aliyepotea anayeuliza njia, nami namwambia faili liko kwenye uchunguzi. Anashukuru, anachukua picha yake, anaondoka. Sasa ni wiki ya sita.

Binti yake alikuwa fundi cherehani. Alipanga chumba namba tatu, ghorofa ya pili, juu ya duka la kuoka mikate. Alfajiri, kabla umeme wa mgawo haujarudi, mwoka mikate huwasha jenereta uani, na moshi hupanda ngazi kama mpangaji mwenye ufunguo wake. Asubuhi moja hakukuwa na upepo hata kidogo. Moshi ukapita chini ya mlango, ukakaa, na yule dada hakuamka. Mwenye nyumba akasema alijifungia mwenyewe: dirisha lipo, linafunguka, cheti cha halmashauri kinasema hivyo. Mtaani wakadakia kwamba alikuwa amechoka na maisha. Lisemwalo lipo, wakasema. Mama huyasikia hayo dukani, kwenye foleni ya maji, kila anakopita.

Cheti nilitia saini mimi.

Niseme jinsi tunavyofanya kazi, na mtu asinikunjie uso. Mkaguzi anatakiwa apande, aingie kila chumba, asukume kila dirisha kwa mkono wake. Fomu inauliza: Dirisha linafunguka? Unaandika Ndiyo au Hapana. Lakini mitaa ile haina pa kuegesha gari, na askari wa maegesho, tunayemwita Risiti, hana undugu. Aliwahi kuliandikia faini gari la mkurugenzi wetu, mkurugenzi mwenyewe akiwa ndani anakula karanga. Basi tukazoea. Unasimama mbele ya nyumba, unahesabu madirisha kwa macho, unajaza fomu ukiwa kwenye usukani. Nyumba nane kwa asubuhi moja. Sote tulifanya hivyo, na sisemi ili nijitetee. Siku ya kukagua nyumba ile, Risiti aligonga kioo cha gari akasema, "Dakika tano, dada, halafu tusijuane." Dakika tano zilitosha karibu fomu nzima.

Tangu msiba ule siwezi kuona dirisha nikaliacha. Nikienda kwa shangazi, kabla sijamaliza kusalimia mkono uko kwenye komeo. Mume wangu hunitania: "Nilioa mkaguzi, kumbe nimeletewa upepo." Nacheka naye, lakini kicheko hakishuki moyoni. Kisha kuna simu. Baada ya kifo, halmashauri ilifunga kisanduku cheupe cha kupima hewa kwenye nguzo ya taa mbele ya nyumba ile, na ujumbe wake huja kwa aliyesaini cheti. Kila siku, saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, simu inalia. Hewa: mbaya. Chumba tumekifunga sisi halmashauri, ufunguo uko mezani kwangu, hakuna anayelala humo, na bado mimi ndiye ninayeamshwa. Nilimwomba mtu wa mitambo aniondoe kwenye orodha. Akasema mfumo haumwondoi mkaguzi hadi apatikane mwingine.

Jumatatu mwenye nyumba akanipigia.

"Dada, nifungulie kile chumba. Kuna mama na mtoto wake mchanga wanahamia Jumamosi. Dirisha si lile lile mnalosema linafunguka? Wewe bonyeza tu."

Kweli ilikuwa kubonyeza tu. Siku hizi mafaili yameunganishwa. Ukiandika namba ya nyumba, hewa, leseni na maegesho vyote vinakuja kwenye ukurasa mmoja. Nikaandika. Juu ikaja michoro ya moshi, kila alfajiri mlima wake. Katikati ikaja fomu yangu, Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo mpaka chini. Na mwisho kabisa, faini. Risiti alikuwa ameniandikia siku ile ile ya ukaguzi, dakika ya sita, na akapiga picha kama kanuni inavyotaka. Faini hizo hupelekwa ofisi kuu, sisi hata hatuzioni.

Kwenye picha nimo garini, kichwa kimeinama, kalamu mkononi. Juu ya paa la gari, ghorofa ya pili, kuna dirisha lililofungwa. Nyuma ya kioo amesimama mwanamke, kiganja chake kimegusa kioo, ananitazama. Niliikuza picha. Uso ulikuwa ule ule ninaowekewa mezani kila Jumanne. Nikaizima kompyuta kwa kuchomoa waya. Niliogopa, na sioni haya kusema.

Fomu zetu hazifutiki. Ukisahihisha, jibu la kwanza linabaki chini ya la pili, na jina lako liko kote kuwili. Nikiandika Hapana, kazi imekwisha, na pengine mahakama inaanza. Nikinyamaza, Jumamosi mtoto mchanga analala mle.

Kesho yake mama alikuja. Akaketi, akaweka picha. Kabla hajafungua kinywa nilichukua ufunguo wa chumba na fomu mpya.

"Mama, twende."

Hakuuliza wapi.

Niliegesha pale pale. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ngazi thelathini na mbili, na kila moja ilinuka moshi. Chumbani kitanda kilikuwa kimebaki mbao tupu, na pa cherehani palikuwa na alama nne sakafuni. Karibu na dirisha kulikuwa na kiti kimoja chenye mto ulioshonwa kwa vipande vya vitambaa.

"Vitu vyake vyote nilivichukua," mama alisema. "Hicho nilikiacha. Hakikuwa chake."

"Cha nani?"

"Cha mkaguzi. Alipata barua yenu: saa tatu uwe nyumbani. Akasimamisha kazi za watu. Akanipigia, mama, leo mkaguzi anakuja, nimemshonea mto akae vizuri, nina jambo la kumwonyesha." Alinitazama. "Ulikikalia?"

Nilienda dirishani nikasukuma. Halikutikisika. Nikasukuma kwa bega. Chini ya rangi kulikuwa na vichwa vinne vya misumari, na kuzunguka komeo rangi ilikuwa imekwaruzwa kwa ncha ya mkasi, mikwaruzo mingi, mingine juu ya mingine. Kwenye kioo, katikati ya vumbi, kulikuwa na alama ya kiganja.

Mama alisogea. Akaipitishia kidole mikwaruzo ile, mmoja mmoja.

"Alijaribu," alisema. "Mwanangu alijaribu."

"Halifunguki, mama. Mimi niliandika linafunguka. Sikupanda. Niliandika nikiwa kwenye gari, pale chini, na yeye amesimama hapa ananiona."

Nilisubiri kofi. Ningelipokea. Mama aliuinua mto, akaukung'uta vumbi, akaurudisha kitini. Kisha akakisukuma kiti hadi kikanigusa magoti.

"Basi kaa, uandike. Alikuwekea wewe."

Nikakaa. Nikaandika Hapana. Nikaandika misumari minne, nikaandika mkasi, nikaandika kwamba ukaguzi wa kwanza haukufanyika, kisha jina langu. Mama alisimama nyuma yangu, akisoma kila neno kwa sauti ya chini.

Mtaani Risiti alikuwa amefika, akilizunguka gari tupu na kamera yake. Nilisogea kwenye kioo, nikaweka kiganja changu kando ya kile kingine, nikangoja apige picha.